Usiseme Ni Uzee

Meno ya babu yangu yaliwahi kuzama Shungimbili. Ilikuwa 2004, mimi nikiwa darasa la tatu Kilindoni, kwa hiyo ninasimulia kama nilivyosimuliwa, na nimesimuliwa mara nyingi kuliko hadithi ya Sungura na Fisi.

Kwa asiyepajua, Shungimbili ni kisiwa kidogo kaskazini-magharibi ya Mafia, mchanga na vichaka, unakizunguka kwa miguu kabla wali haujaiva. Enzi hizo wavuvi walipiga dago pale: vibanda vya makuti, moto wa kukaushia samaki, siku kadhaa bila kuona nyumbani. Babu ndiye aliyekuwa nahodha. Asubuhi moja wakiwa wanatia nanga, kijana wa mbele akaiachia kamba ya tanga mapema. Babu akampigia kelele. Neno lilitoka, na meno ya juu yakatoka nalo. Yakapita juu ya ubavu wa mashua, chubwi, yakazama.

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Babu akajifunika mdomo kwa kilemba. Wakasubiri maji yapwe, wawili wakazamia, na baada ya saa nzima meno yakaibuliwa kwenye majani ya bahari, yana mchanga na ufa mmoja katikati. Waliporudi Kilindoni babu alinunua supagluu, akaunganisha ufa, akayarudisha mdomoni. Kisa kikaingia katika hazina ya ukoo. Kilisimuliwa harusini, kilisimuliwa matangani. Hata babu mwenyewe alikisimulia, akiigiza sauti ya meno yakigonga maji.

Nilikicheka kisa hiki kwa miaka kumi na tano. Katika miaka hiyo yote, mimi niliyesoma baolojia mpaka kidato cha sita sikuwahi kujiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeweza kuliuliza: meno yaliyotengenezwa yakae mdomoni yanatokaje kwa kelele moja?

Jibu ni kwamba yalikuwa yamekwisha kuacha kumtosha. Yalitengenezwa Dar es Salaam mwaka 1998, juu na chini, seti kamili. Siku yalipozama yalikuwa na miaka sita. Babu aliendelea kuyavaa miaka kumi na mitano zaidi. Tulimwangalia akifanya hivyo, na kila kilichomharibikia tukakipa jina moja: uzee.

Ninaandika kulikataa jina hilo.

*

Tuanze na kinachotokea mdomoni, maana wengi wetu hatujawahi kuambiwa. Mfupa wa taya unaishi kwa kazi. Jino la asili likiwa ndani yake, kila unapotafuna mfupa unapata habari kwamba unahitajika. Jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kupungua. Hupungua kwa kasi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole, lakini hausimami. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliovaa meno ya bandia kwa muda uliofika miaka 25. Alikuta taya zinaendelea kupungua muda wote huo, na taya ya chini ikipungua kwa wastani mara nne ya ile ya juu. Ndiyo maana kila mzee mwenye seti kamili atakwambia kuwa ya juu ina afadhali, ya chini ndiyo inayoogelea.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Meno ya bandia yametengenezwa kwa akriliki juu ya umbo la ufizi wa siku ile uliopimwa. Akriliki haijui kwamba chini yake mfupa unaondoka. Taya hubadilika, plastiki hubaki vilevile. Mzee haoni tofauti kwa sababu haiji kwa siku moja. Leo chembe, mwakani chembe, na baada ya miaka kumi amevaa meno yaliyopimwa kwa mtu mwingine: mtu aliyekuwa yeye.

Kwa sababu hiyo madaktari wa meno wanashauri anayevaa seti kamili akaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na meno yakivuka miaka mitano yatazamwe kama bado yanafaa au yabadilishwe. Hilo halina maana kwamba siku ya kwanza ya mwaka wa sita yanageuka sumu. Wengine hufika miaka saba, wengine hata kumi. Pengine inatosha kuyatia bitana: daktari anachukua umbo jipya la ufizi na fundi wa maabara anaongeza akriliki upande wa ndani, kama koti linavyotiwa kitambaa kipya ndani huku sura ya nje ikibaki. Hata hivyo meno yenyewe pia huliwa. Akriliki ikisagana na akriliki miaka mingi, vilele vya magego husawazika, na mtu anabaki kusugua chakula badala ya kukikata.

Wamafia hawahitaji kufundishwa jambo hili, ila hawajaambiwa kwamba ni lilelile. Nenda Jibondo au Chole, kwa mafundi wa vyombo. Hakuna nahodha anayenunua jahazi akaliacha majini miaka ishirini na moja. Chombo hupandishwa pwani, hukwanguliwa, ubao ulioliwa hubadilishwa, maungo hukalafatiwa kwa pamba, mbao hupakwa sifa, tumbo hupakwa shahamu. Nahodha anayepuuza kazi hiyo haitwi mnyenyekevu wala mstahimilivu. Anaitwa mzembe, na watu hawapandi chombo chake. Babu yangu hakuacha mashua yake ikose kalafati hata mwaka mmoja. Mdomo wake tuliuacha ukavuja miaka kumi na mitano.

*

Ukilisema hili mbele ya wakubwa, utajibiwa kwa methali. Nilijibiwa. *Usiache mbachao kwa msala upitao.* Mkeka wako mbovu ni wako, msala mzuri unapita na mwenyewe. Mjomba wangu akaongeza: *Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.* Nikiwa bado natafuta la kusema, shangazi akanimalizia kwa kicheko: *Kipya kinyemi ingawa kidonda.* Yaani ninyi vijana mnapenda vipya, hata vikiwa vidonda.

Nina heshima na methali. Lakini methali ni dawa, na dawa ina ugonjwa wake. Mbachao unakaliwa, haukaliwi na mfupa unaopungua. Kamba kuukuu imesifiwa kwa kulinganishwa na ukambaa, ukindu usio na nguvu. Hakuna mvuvi aliyewahi kuisifu kamba iliyooza kwa kuilinganisha na kamba nzima. Na hiyo ya tatu shangazi aliielekeza kwa mtu asiye. Kwetu kidonda kilikuwa katika kuukuu, na kuukuu ndiko kulikotupendeza, kwa kuwa hakukutugharimu kitu.

Lakini ukweli wa shangazi nisiuruke. Meno mapya huuma mwanzoni. Yanasugua hapa na pale, mate yanajaa, maneno yanateleza. Wazee wengi huyavaa siku tatu, huyatia kwenye kopo, hurudi kwa ya zamani, na kopo linakuwa ushahidi kwamba mapya hayafai. Kosa hapo si la meno wala la mzee. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ya kukabidhiwa si siku ya mwisho. Atarudi kwa daktari, asuguliwe panapochoma, arudi tena. Mzee wa Kanga au Bweni anayepewa meno Dar es Salaam na kupakiwa kwenye boti siku hiyohiyo hajahudumiwa. Ameuziwa bidhaa.

*

Niwaonyeshe jinsi meno yanavyosema kwamba yamechoka. Sitaandika orodha ya hospitali. Nitaandika orodha ya vitu ambavyo babu yangu aliviacha, kimoja kimoja, sisi tukitazama.

Aliacha pweza. Katika Mafia, mwanamume kuacha pweza ni habari. Alisema pweza wa siku hizi wamekuwa wagumu. Tulikubali.

Aliacha korosho na mhogo wa kuchoma, kisha nyama, isipokuwa iliyopikwa mpaka ikakata tamaa. Bibi akaanza kumpikia uji asubuhi na wali bokoboko usiku. Mkanda wa suruali yake ukatobolewa tundu jipya, kisha lingine. Tukasema mzee anakauka, ndivyo wazee walivyo.

Akaanza kugonga. Alipotafuna, meno yalifanya sauti kama karata zikipangwa. Watoto walimwiga. Mdomo wake ukafupika, kidevu kikaikaribia pua, mikunjo ikaingia kwenye pembe za midomo, na pembe hizo zikawa nyekundu, zenye nyufa zinazolowa. Tulimpaka mafuta ya nazi. Hatukujua kwamba meno yaliyosagika hushusha urefu wa uso, pembe za mdomo hukunjamana, mate hukaa pale, na fangasi hupata nyumba. Hatukujua kwamba wekundu uliotanda kwenye kaakaa lake, umbo lake likifuata umbo la meno kama nguo kwenye mwili, mara nyingi ni fangasi hao hao, na kwamba hupenda hasa meno ya zamani yenye vinyweleo na nyufa, yasiyovuliwa usiku.

Babu hakuyavua usiku. Alisema mume havui meno mbele ya mkewe. Nilisikia maneno hayo nikaona ni mapenzi, nikayaandika hata kwenye shairi langu baya la chuoni. Wakati huo huo, mwaka 2015, watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wazee 524 wa Tokyo wenye umri wa miaka 85 na zaidi: waliolala na meno ya bandia mdomoni walikuwa na hatari ya kupata nimonia zaidi ya maradufu ya waliolala bila meno. Meno huvuliwa usiku, husuguliwa kwa brashi laini na sabuni isiyo kali, hulazwa kwenye maji baridi. Maji ya moto huyapinda. Mchanga na mkaa huyakwangua.

Kisha akaacha kitu kilichoniuma kuliko pweza. Babu alikuwa na sauti. Katika maulidi ya mtaani kwetu, kuna mlango ambao watu walimngoja yeye ausome. Meno yalipolegea, sini na swadi zikaanza kupiga mluzi. Mwaka mmoja akasoma huku ameshika shavu kwa kidole ili seti isianguke. Mwaka uliofuata akasema koo limekauka, akampisha kijana. Mwaka mwingine hakwenda. Alibaki nyumbani, redio imewashwa kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kulikoni, akanijibu: “Mke wangu, kila chombo kina siku yake ya kupanda pwani.” Ananiita mke wake kwa utani wa babu na mjukuu. Nilicheka, nikarudi chuoni.

Ukiona mzee anayevaa meno ya bandia anapungua kwenye sahani na anapungua kwenye mazungumzo kwa pamoja, usianze na moyo wake wala akili yake. Anza na mdomo.

*

Aliyeugundua uvimbe ni bibi. Ndani ya mdomo wa chini, kati ya ufizi na shavu, pameota kipande cha nyama kama ulimi wa pili, kimekunjwa, kina alama ya ukingo wa meno. Ukuta wa meno yaliyolegea ulikuwa umepasugua pale miaka na miaka, na mwili ukajenga nyama ya kujikinga.

Hapo ndipo tulipoogopa, na hofu ilikuwa halali. Kidonda au uvimbe mdomoni usiopona kwa wiki mbili lazima uonwe na daktari, kwa sababu saratani ya kinywa huanza kimya, na meno ya bandia huifunika vizuri. Tulipanda boti mpaka Nyamisati, gari mpaka Mbagala. Ilikuwa 2019. Babu alikuwa na miaka 77. Njiani alikunywa maji tu.

Daktari aliyetupokea alikuwa dada wa umri wangu. Alimwamkia babu, akamwomba ruhusa, akatoa meno, akayaweka kwenye trei. Aliukuta ufa wa Shungimbili na supagluu yake, imegeuka kahawia. Akamuuliza ni ya lini. Babu akasema, kwa fahari, “Tisini na nane.” Daktari hakucheka. Alituambia mambo mawili. Kwanza, gundi ya dukani haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo, na kila ufa unaoungwa nyumbani huungwa vibaya kidogo, kwa hiyo ukumaji wote hupotoka. Pili, akanitazama mimi: “Nani anayemleta kliniki?”

Hakukuwa na jibu. Kati ya 2013 na 2019 nilikuwa nimebadilisha simu nne. Ya mwisho niliibadilisha kwa sababu kamera ilikuwa na ukungu.

Nyama ilikatwa, ikapimwa, haikuwa saratani. Tukasubiri ufizi upone. Kisha vipimo, majaribio ya nta, kukabidhiwa, kurudi kusuguliwa mara mbili. Babu alikaa kwangu Mbagala karibu miezi mitatu. Gharama yote, ukiacha nauli, ilifika laki saba na kidogo. Simu yangu ya mwisho ilizidi hapo.

Lakini si kila mjukuu ana laki saba, na sitaki makala haya yaishie kwenye kuwalaumu wajukuu. Katika kituo kimoja tulichopita kabla ya kufika kwa daktari yule, tulielekezwa dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo yamekuwa ahadi ya serikali tangu zamani. Dirishani tukaambiwa kung'oa jino kumo, meno ya bandia hayamo. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa, bila ubaya wowote: “Hayo ni ya urembo, dada.”

Neno hilo ndilo ninalotaka tulipigie kelele mpaka meno yatutoke. Mzee asiyeweza kutafuna analishwa wanga laini mpaka anakauka, na hilo linaitwa urembo. Mguu wa bandia hauitwi urembo. Miwani ya mzee haiitwi urembo. Shirika la Afya Duniani liliandika katika ripoti yake ya afya ya kinywa ya mwaka 2022 kwamba duniani kote, karibu robo ya watu wa miaka 60 na zaidi, asilimia 23 kwa makadirio, hawana jino hata moja. Robo ya wazee si kundi la watu wanaotaka kupendeza. Tanzania imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Neno “wote” limeandikwa. Kinachobaki ni kuuliza kama mdomo wa mzee ni sehemu ya huyo mmoja wa wote.

Na tusiambiwe kwamba meno ni jambo dogo kwa siasa. Uingereza ilipoanzisha huduma yake ya afya mwaka 1948, meno ya bandia yalitolewa bure, na watu walijitokeza kwa wingi uliowashangaza waliopanga bajeti. Mwaka 1951 serikali ilipoamua kutoza ada ya meno ya bandia na miwani, Aneurin Bevan, waziri aliyeijenga huduma hiyo, alijiuzulu. Mtu aliacha uwaziri kwa ajili ya meno ya vibogoyo. Sisi bado hatujapata diwani aliyeinua mkono.

*

Ukiandika “Shungimbili” mtandaoni leo, hutapata dago. Tangu 2007 ni hifadhi ya bahari, na juu ya mchanga ule ipo nyumba ya kifahari, Thanda Island, ambapo mgeni hukodi kisiwa kizima kwa maelfu ya dola kwa usiku. Sina ugomvi na mgeni wala na kasa wanaotaga pale kwa amani. Ninalosema ni kwamba thamani ya mahali ilionekana, ikahesabiwa, ikalindwa kwa sheria. Wazee waliolala pale kwenye makuti wapo ng'ambo ya maji, Bweni, Kanga, Kirongwe, Kilindoni, na hakuna aliyewahesabia hata meno.

Kuna hoja moja tu iliyowahi kunitikisa, na ilitoka kwa babu mwenyewe, kwenye boti ya Nyamisati. “Mke wangu, miye wa kufa kesho. Meno mapya ya kumtafunia nani?” Mdomo ni wake. Mzee akikataa baada ya kuelezwa, amekataa, na ni haki yake. Ila nimejifunza kutofautisha kukataa na kuogopa kuwa mzigo. Babu hakuwa amekataa meno. Alikuwa amekataa laki saba zangu. Nilipomwambia zimeshalipwa, uongo huo Mungu anisamehe, alinyamaza, kisha akauliza kama Mbagala pweza wanapatikana.

Alikula pweza miezi sita baadaye, Kilindoni, wa nazi, mkono mzima, akitafuna polepole pande zote mbili kama alivyofundishwa. Mwaka huo kwenye maulidi alirudi mahali pake. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ninavyoikumbuka, lakini sini ilikuwa sini na swadi ilikuwa swadi. Vijana wa mbele hawakujua kwamba kuna kilichokuwa kimepotea.

Alifariki mwanzoni mwa 2021, kwa moyo. Meno mapya aliyavaa mwaka mmoja na nusu. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi usiku. Tungeyabadilisha 2004, wiki ile yalipoanguka baharini na sote tukacheka, angekula pweza miaka kumi na mitano zaidi, na maulidi yale matatu aliyoyakosa, angeyasoma.

Kwa hiyo ukienda nyumbani Idi hii, au Krismasi, au kwenye msiba, fanya jambo moja kabla hujapiga picha na wazee wako. Uliza meno ni ya mwaka gani. Omba ruhusa, washa tochi ya simu, tazama: kuna wekundu, kidonda, ufa, gundi? Yanaanguka akicheka? Ana meno machache tu ya bandia yanayocheza bila kushikwa na kitu? Hayo yanaweza kumezwa usingizini, na akriliki ya kawaida haionekani vizuri kwenye eksirei. Uliza ni chakula gani ameacha, na lini. Kisha usiseme ni uzee. Sema ni miaka mingapi.

Nami nimefanya. Mwezi uliopita nilikwenda Kilindoni, nikamkuta bibi uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia, “Bibi, fungua kinywa nione.”

Akanitazama juu ya ungo. “Mke mwenzangu, unanikagua kama mbuzi wa Idi?”

“Meno yako ni ya lini?”

Akapepeta kidogo. Pumba zikaruka. “Ya alfu mbili na tisa,” akasema. “Lakini ya juu tu ndiyo yanayocheza.”

Tunavuka Jumatatu, boti ya asubuhi.